Laptopu Isiyosogea Mpaka Iguswe: Maswali na Majibu Kuhusu Taima za Kompyuta

Wasomaji wanaoendesha FreeBSD au Linux kwenye laptopu za mtumba huleta malalamiko yanayofanana: saa inakimbia, saa inabaki nyuma, mashine inaganda kisha inazinduka bila sababu, betri inakwisha hata pasipo kazi. Wengine wameshaambiwa kwamba bodi imekufa na wanunue mashine nyingine. Mara nyingi bodi haijafa. Kilichokosea ni taima moja kati ya kadhaa zilizomo ndani, na mfumo unaweza kuamriwa uiache, ushike nyingine, kwa mstari mmoja tu wa maandishi. Nimejibu nikiegemea FreeBSD kwa sababu huorodhesha taima zake waziwazi. Linux nimeitaja pale ilipohitajika.

Fundi, shikamoo. Nina laptopu ya Core 2 Duo na nimeiwekea FreeBSD. Nikiiwasha inafika katikati inasimama. Nikibonyeza kitufe chochote, hata Shift, inasogea kidogo, inasimama tena. Nikiisukuma hivyohivyo kwa vitufe inafika mwisho. Kibodi inahusiana vipi na kuwaka kwa mashine?

Marahaba. Usiilaumu kibodi, ndiyo iliyokuonyesha penye tatizo.

Prosesa ikikosa kazi, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hulala. Kabla haijalala, kerneli huitegesha taima: ukifika muda fulani, niamshe. Muda ukifika, taima hutuma mkatizo, na prosesa huamka ikaendelea na kazi. Kwako mkatizo huo haufiki. Prosesa inalala na kuendelea kulala mpaka ije ishara kutoka kwingine, na kila ubonyezapo kitufe, kibodi hutuma mkatizo wake. Ndiyo maana hata Shift, isiyoandika herufi yoyote, inatosha. Ukisogeza kipanya au kadi ya mtandao ikipokea data, utaona jambo lilelile.

Kwa nini haufiki? Core 2 Duo ina taima ndani ya prosesa yenyewe, iitwayo LAPIC. Prosesa ikiingia usingizi mzito, ule unaoitwa C3, LAPIC nayo husimama. FreeBSD inalijua hilo, kwa hiyo kwenye mashine za rika hilo hupendelea HPET, ambayo iko nje ya prosesa. Sasa kama BIOS imeipanga HPET vibaya, mkatizo wake ukapelekwa kwenye laini isiyosikilizwa na yeyote, unapata hasa hicho ulichonieleza.

Jaribu hivi. Menyu ya kuwaka ikitokea, chagua kwenda kwenye mstari wa amri wa kipakizi, uandike:

`set kern.eventtimer.timer="LAPIC"`
`boot`

Ikiwaka yenyewe bila kuguswa, mkosaji umempata. Mstari huohuo, bila neno `set`, uweke kwenye faili `/boot/loader.conf` ili ubaki. Gharama ipo: FreeBSD ikiona imeshika taima inayosimama kwenye C3, huizuia prosesa isifike C3 kabisa, kwa hiyo mashine itapata joto kidogo na betri itakwisha mapema kuliko ambavyo ingeweza kudumu. Kwa mashine ambayo jana ilikuwa haiwaki, mimi naiona gharama hiyo ni ndogo. LAPIC nayo ikisumbua, andika `i8254` badala yake.

Hizo taima zote ni za nini? Kwa nini isiwe moja tu nzuri?

Kwa sababu PC haitupi cha zamani. IBM PC ya 1981 ilikuja na chipu ya 8253, ambayo i8254 ni mdogo wake. PC AT ya 1984 ikaongeza saa ya bodi yenye betri, RTC. Pentium ya 1993 ikaleta TSC, kihesabio kilicho ndani ya prosesa. Baadaye ikaja taima ya ACPI, na 2004 Intel na Microsoft wakatoa maelezo rasmi ya HPET. Kila iliyokuja iliwekwa juu ya zilizotangulia.

Lakini ukitafuta ubovu, usizipange kwa umri. Zipange kwa kazi, na kazi ni tatu. Ya kwanza ni kukumbuka tarehe wakati mashine imezimwa, ambayo ni kazi ya RTC. Ya pili ni kuhesabu, yaani kujua muda gani umepita. Ya tatu ni kuamsha. Mtu akiniambia "saa ya laptopu ni mbovu", swali langu la kwanza huwa ni kazi ipi kati ya hizo imeharibika, maana dawa ya moja haiigusi nyingine. Nimeona watu wakibadilisha betri ya RTC kutibu mashine inayoganda, kazi isiyo na faida yoyote.

FreeBSD huzitenganisha kuhesabu na kuamsha. Upande wa kuhesabu ulijengwa na Poul-Henning Kamp, aliyeueleza katika makala yake ya 2002. Upande wa kuamsha ulipangwa upya na Alexander Motin, ukatoka na toleo la 9.0 mwezi Januari 2012. Kila upande una orodha yake:

`sysctl kern.timecounter.choice`
`sysctl kern.eventtimer.choice`

Orodha ya kwanza kwenye mashine kama ya msomaji aliyetangulia inaweza kutoka hivi:

`TSC(-100) HPET(950) ACPI-fast(900) i8254(0) dummy(-1000000)`

Namba iliyo kwenye mabano ni alama ambayo kerneli imeipa kila taima. Kubwa ndiyo inayochaguliwa. Iliyo chini ya sifuri haichaguliwi kamwe isipokuwa wewe mwenyewe uamuru, na hapa TSC imepewa hasi kwa sababu nitakazozieleza mbele. Ili kujua iliyochaguliwa, andika `sysctl kern.timecounter.hardware` na `sysctl kern.eventtimer.timer`. Majibu ya amri hizi nne yaandike kwenye karatasi kabla hujabadilisha kitu chochote. Bila karatasi hiyo, baada ya majaribio kadhaa hutajua ulikotoka.

Nitajuaje kama kosa ni la kuhesabu au la kuamsha?

Usiiulize saa unayoishuku. Watu wengi huandika `date; sleep 60; date`, wakiona tofauti ni sekunde 60 wanaridhika. Amri zote tatu zinategemea kihesabio kilekile. Kikiwa kinachelewa, vyote vitachelewa pamoja na kukubaliana.

Tafuta shahidi wa nje. Saa ya kupimia ya simu inatosha. Andika amri hiyohiyo, bonyeza Enter na kuwasha saa ya simu kwa wakati mmoja, kisha ondoa mikono. Usiguse kibodi, usiguse padi ya kipanya, na uchomoe waya wa mtandao au uzime Wi-Fi, kwa sababu data inayoingia nayo huamsha prosesa na kukuficha ubovu. Tazama skrini tu.

Simu ikisoma 60 na mashine ikasema 60, kwa kipimo hicho uko salama. Simu ikisoma 75 na mashine ikasema 60, kuhesabu ndiko kubovu. Simu ikisoma 75 na mashine nayo ikakiri 75, inahesabu vizuri lakini imechelewa kuamshwa. Na kama simu imepita dakika mbili na skrini bado kimya, gusa Shift mara moja. Amri ikimalizika papo hapo, hakuna tena cha kuuliza.

Rudia jaribio chaja ikiwa imechomolewa, kwa kuwa laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hulala usingizi mzito zaidi, na ubovu mwingi hujitokeza hapo tu. Halafu rudia mara ya tatu ukiwa umeipa prosesa kazi ya bure, kwa kufungua dirisha jingine la amri na kuandika `yes > /dev/null`, dirisha moja kwa kila kiini cha prosesa. Ubovu ukitoweka wakati prosesa haipati nafasi ya kulala, unajua kwamba usingizi ndio chanzo. Hapo zuia usingizi mzito kwa `sysctl hw.acpi.cpu.cx_lowest=C1`, upime tena bila ile kazi ya bure. Ukipona, andika `performance_cx_lowest="C1"` na `economy_cx_lowest="C1"` kwenye `/etc/rc.conf`.

Mwalimu, skrini yangu inajaa ujumbe unaoanza na `calcru: runtime went backwards`, na saa inakimbia mbele nikiwa kwenye chaja, inarudi nyuma nikiwa kwenye betri. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu, dada. Kerneli inakuambia kwamba ilipohesabu muda ambao programu fulani imetumia, imepata jibu dogo kuliko la mara iliyopita, jambo lisilowezekana. Na hiyo tabia ya kubadilika kati ya chaja na betri inaelekeza moja kwa moja kwenye TSC.

TSC huhesabu mapigo ya prosesa. Kwenye prosesa za zamani za laptopu, mapigo hayo hupungua mashine ikiwa kwenye betri na huongezeka ikiwa kwenye chaja. Ni sawa na kupima urefu wa barabara kwa kuhesabu hatua za mtu ambaye mara anatembea, mara anakimbia. Prosesa za Core 2 zilisawazisha mapigo, lakini TSC zake bado husimama kwenye usingizi mzito. Ni kuanzia kizazi cha Nehalem cha 2008 ndipo Intel walipoifanya TSC iende mwendo mmoja muda wote. Kwenye mashine iliyo na TSC ya namna hiyo hakuna taima bora kuliko hiyo, na sikushauri uiache bila sababu.

Kwako andika:

`sysctl kern.timecounter.hardware=ACPI-fast`

Mabadiliko huanza hapo hapo, huhitaji kuwasha upya. Ukiona saa imetulia, weka `kern.timecounter.hardware=ACPI-fast` kwenye `/etc/sysctl.conf`. Kusoma taima ya ACPI kunachukua muda zaidi kuliko kusoma TSC, na programu zinazouliza saa mfululizo, hifadhidata kwa mfano, zitapungua kasi kidogo. Kwa uandishi, barua na kivinjari hutaona tofauti.

Ila kuna mtego hapa, na ningependa kila anayetengeneza mashine hizi aujue. Taima ya ACPI hupiga mara 3,579,545 kwa sekunde, na mara nyingi kihesabio chake kina biti 24 tu. Gawanya uone: hujaa na kuanza tena sifuri kila baada ya sekunde 4.7 hivi. Kerneli lazima iisome kabla ya hapo. Taima ya kuamsha ikiwa mbovu, prosesa ikalala sekunde 12, mizunguko miwili mizima inapotea bila kuandikwa popote, na saa inabaki nyuma kwa sekunde zaidi ya tisa. Mtu akiangalia anasema taima ya ACPI nayo ni mbovu, anaiacha, anahangaika na nyingine. Haikuwa mbovu. Kwa hiyo ukiwa na dalili zote mbili, tibu kuamsha kwanza, kisha upime kuhesabu upya.

Natumia Linux. Kerneli imeandika kwamba TSC si thabiti na imeiacha. Nimeshauriwa niongeze `tsc=reliable` ili inyamaze. Nifanye hivyo?

Hapana, si kabla ya kupima. Linux hulinganisha TSC na taima nyingine inayoichukulia kama mlinzi, mara nyingi HPET. Zikitofautiana sana, TSC ndiyo inayohukumiwa. Tatizo ni kwamba mlinzi naye anaweza kuwa ndiye mwongo. Mwaka 2019 wasanidi wa Linux waligundua kwamba kwenye baadhi ya mashine za Intel za kizazi cha Coffee Lake, HPET hupotoka chipu nzima ikiingia usingizi uitwao PC10, na TSC isiyo na kosa ikatangazwa mbovu. Walizima HPET kwenye mashine hizo.

Angalia kwanza kama faili `/proc/cpuinfo` lina maneno `constant_tsc` na `nonstop_tsc`. Yote mawili yakiwepo, mshuku mlinzi, na ujaribu kuwasha kwa `hpet=disable`. Yasipokuwepo, kerneli ina haki, iache itumie `acpi_pm` (taima ya ACPI) au `hpet`. Taima inayotumika sasa imeandikwa kwenye `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`. Kwa majaribio ya usingizi, kipimo kinacholingana na kile cha FreeBSD ni kuwasha kwa `processor.max_cstate=1 intel_idle.max_cstate=1`.

Laptopu yangu ina Windows na FreeBSD. Kila nikitoka Windows nakuta saa imetangulia saa tatu kamili. Niko Mwanza.

Taima zako ni nzima. Windows huandika saa ya mahali ulipo kwenye RTC, na FreeBSD huitarajia RTC iwe kwenye saa ya UTC, kisha huongeza tatu za Afrika Mashariki. Wa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wataona mbili. Andika `touch /etc/wall_cmos_clock`, sahihisha tarehe, washa upya. Kwenye Linux ni `timedatectl set-local-rtc 1`. Huko Ulaya mpango huu huleta usumbufu kila saa zinaposogezwa kwa msimu, lakini kwetu hazisogezwi, kwa hiyo hautakusumbua.

Nikiizima usiku, asubuhi tarehe imerudi miaka mingi nyuma. Ikiwa imewaka haipotezi hata sekunde.

Betri ya RTC imekwisha. Ni ile ya duara, mara nyingi CR2032, na kwenye laptopu huwa imefungwa plastiki ikiwa na nyaya mbili na plagi ndogo. Ipime kwa mita: nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Nunua iliyo na plagi inayofanana. Usikubali mtu aichomelee betri ya duara moja kwa moja kwa risasi ya moto, inaweza kupasuka.

Fundi, nimewasha NTP na saa inajirekebisha yenyewe. Kwa nini nijisumbue na taima?

Kwa sababu NTP ilibuniwa kurekebisha upotofu mdogo wa saa iliyo nzima. Ikiirekebisha saa polepole, programu yake `ntpd` haiwezi kuvuka sehemu 500 kwa milioni, ambazo ni sekunde 43 kwa siku. Saa inayopotea dakika tano kwa siku imeshatoka nje ya uwezo huo, kwa hiyo itakuwa inarushwa mbele na nyuma kwa kishindo. Tofauti ikipita sekunde 1,000, `ntpd` hujizima yenyewe. Kati ya mruko na mruko, `make` italalamika kwamba mafaili yametoka kesho, tovuti zitakataliwa kwa sababu ya vyeti vyake vya usalama, na zile namba sita za kuingilia akaunti zinazobadilika kila sekunde 30 hazitakubaliwa. Tena NTP haina la kufanya na kuamsha. Mashine inayosubiri Shift itaendelea kusubiri Shift hata ukiiunganisha na saa ya atomu.

Izime NTP wakati wote unaopima. Iwashe ukishamaliza.

Ni wakati gani nikubali kwamba bodi kweli ni mbovu?

Jaribu kihesabio kimoja baada ya kingine: HPET, ACPI-fast, i8254. Kila kimoja kipe saa kadhaa, NTP ikiwa imezimwa, uandike kimepotea sekunde ngapi ukilinganisha na simu. Kikikosea kimoja, bodi ni nzima, achana na hicho.

Vikikosea vyote kwa kiasi kilekile, hapo kuna jambo. i8254 hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde, na HPET nyingi za laptopu za enzi ya Core 2 hupiga 14,318,180. Gawanya hiyo kubwa kwa 12 upate i8254, kwa 4 upate taima ya ACPI. Zote hutoka kwenye fuwele moja, na namba yake ilitokana na televisheni ya rangi ya Marekani, kwa kuwa IBM walitaka kadi ya rangi ya PC yao ya 1981 iweze kutumia televisheni hizo. RTC ina fuwele yake peke yake, inayopiga mara 32,768. Basi ikiwa taima hizo tatu zinapotea pamoja, na RTC ikilala usiku mzima inaamka na saa sahihi, fuwele kuu au chipu inayogawa mapigo imeharibika. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea hubadilisha fuwele, habadilishi bodi nzima.

Kabla ya kufika huko, angalia kama kuna BIOS mpya ya modeli yako. Makosa mengi ya HPET ninayoyaona yako kwenye majedwali ya ACPI yaliyoandikwa na mtengenezaji, wala si kwenye chuma.

Nakwenda kununua laptopu ya mtumba wiki hii. Naweza kukagua taima dukani?

Unaweza, na muuzaji muungwana hatakuzuia. Beba fleshi yenye FreeBSD ya kusakinishia, ile inayokuruhusu kuingia kwenye mfumo bila kugusa diski. Kwanza ingia BIOS uone tarehe, kabla mfumo wowote haujairekebisha. Kisha washa kwa fleshi, ondoa mikono, uone kama inafika mwisho bila kuguswa. Andika `vmstat -i`, tazama safu ya mwisho kwenye mistari ya taima: mashine iliyotulia ikionyesha maelfu mengi ya mikatizo kwa sekunde, kuna kitu kinaipigia kelele, na betri utakayoionea huruma ni yako. Fanya lile jaribio la sekunde 60 chaja ikiwa imechomolewa. Mwisho andika `acpiconf -s 3` ilale, ingoje dakika mbili, iamshe, ulinganishe saa yake na simu yako. Isipoamka vizuri, usiinunue kwa bei ya mashine nzima.